Sakafu ya Marehemu, Lawama ya Mjane

Alivuliwa kazi yake kwa kosa la ukuta. Hakuiba, hakuunguza shati la mtu kwa pasi, hakupoteza hata kifungo. Lakini kwa miaka mitatu alisimangwa na watu wa nyumba yake kwamba maji yake ya kufulia ndiyo yaliyoozesha ukuta wa chumba cha nyuma, na mwishowe akalazimishwa kuacha kazi iliyomlisha tangu afiwe na mumewe. Hiyo ni dhuluma, na haina jina jingine.

Mtaani alijulikana kwa jina la Mama Povu, na jina hilo hakulichukia. Alifulia uani, juu ya sakafu ya saruji ambayo mumewe aliimwaga kwa mikono yake katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, ili mke asisimame tena kwenye matope. Marehemu alikuwa dereva wa lori, si mwashi. Aliimwaga nene, akaipandisha mpaka ikagusana na lipu ya nyumba, akailainisha kwa mwiko wa kuazima. "Haya, bibie, fua kwa raha zako," alimwambia. Haukupita muda mrefu akazikwa.

Mvua za kwanza baada ya msiba zilipoanza, ukuta wa chumba cha nyuma ukavimba. Usawa wa goti, rangi ilifanya malengelenge; kisha lipu ikamomonyoka, chumvi nyeupe ikachanua juu ya matofali, na nyuma ya kitanda kukaota kuvu jeusi. Aliyelala chumbani humo ni mama mkwe, mwanamke mwenye kifua kibovu na ulimi usio na breki.

"Humu ndani mtu atakuja kuzama kitandani!" alilalama. "Beseni asubuhi, beseni jioni. Hata bata hupumzika!"

"Mama, maji yangu nayamwaga mtaroni."

"Mtaro gani? Huu wa kifuani mwangu?"

Akaitwa mdogo wa marehemu, mwashi ambaye wote walimwita Fundi. Alikwangua, akapiga lipu mpya, akapaka rangi ya mafuta. Mvua ziliporudi, malengelenge nayo yakarudi, na Fundi akaanza upya. Kila alipokuja alichuchumaa nje, akautazama mguu wa ukuta kwa kitambo, kisha akainuka bila kusema neno. Hatimaye mama mkwe akakata shauri: ama kufua kukome, ama yeye ahamie kwa binti yake.

"Shemeji, pumzisha maji kidogo," Fundi alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Mama Povu alijikaza kisabuni (mzaha huo aliutoa mwenyewe, huku machozi yakimlengalenga), akafunika beseni zake na kwenda kufua majumbani mwa watu, kwa saa walizotaka wao na kwa sauti walizotaka wao. Kiangazi kikaingia, ukuta ukakauka. "Si mnaona?" mama mkwe alitamba. Hata Mama Povu mwenyewe akaanza kujishuku.

Kisha mvua zikafunguka. Mchana mmoja alirejea mapema, akamkuta mama mkwe amesimama dirishani. Nyumbani hapakuwa na nguo mbichi hata moja. Nje, maji ya paa yalidondokea sakafuni, nayo sakafu, badala ya kuyapeleka mtaroni, iliyarudisha taratibu kuelekea nyumba. Yakajikusanya kwenye mguu wa ukuta na kutulia. Chumbani, lipu ilikuwa imeanza kuingia weusi.

"Leo umefua?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimefua kwa watu, mama."

Fundi aliitwa, akafika mvua ikiwa imekatika. Mama Povu hakumpa kiti.

"Shemeji, ulijua?"

Fundi alinyoosha kidole kwenye mguu wa ukuta. "Juu ya msingi kuna ukanda wa nailoni, wa kuzuia maji yasipande ukutani. Kaka aliimwaga sakafu ikaupita ule ukanda. Sasa maji yanaingilia juu yake. Na mwinamo aliulaza huku kwetu."

"Sikukuuliza yanaingilia wapi. Nimeuliza, ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Ni kaka yangu, shemeji. Kafa. Ningemsemaje?"

"Na mimi niliye hai, mbona nilisemeka?"

Uchungu wa kisa hiki uko hapo. Nyumba ile haikukosa heshima. Ilikuwa nayo tele. Ila yote ilipelekwa kaburini, na lawama ikaachiwa mwanamke aliyebaki ameinamia beseni. Kumtuhumu yeye hakukumgharimu mtu kitu.

Fundi alijaribu njia ya pembeni: apake lami kwa nje, sakafu isiguswe. Mama mkwe aliitazama sakafu. Ile ilikuwa kazi ya mwanawe. Mama Povu aliitazama naye. Pembeni, mistari ya mwiko wa mumewe ilikuwa ingali inaonekana, na hakuwa na kingine chenye alama ya mkono wake.

"Aliimwaga ili nifue," alisema mwishowe. "Lete tindo na nyundo."

"Vunja," mama mkwe aliongeza, akimgeukia Fundi. "Ukimaliza, uwaambie majirani ukuta huu uliumwa nini. Uwaambie kwa sauti ileile niliyomtangazia shemeji yako kosa lisilo lake."

Fundi akavunja, na akasema. Kando ya ukuta wote alikata kipande chembamba cha sakafu, akachimba hadi chini ya ile nailoni, akajaza kokoto. Sehemu iliyobaki akaipa mwinamo wa kwenda mtaroni, na paa akalitilia mfereji wa kubeba maji. Lipu mbovu aliibandua, matofali yakaachwa uchi yapumue.

Lipu mpya ilipigwa Agosti 2021, matofali yalipokauka hadi ndani. Tangu mwezi huo Mama Povu anafulia uani kwake, na hakuna msimu wa mvua uliouacha ukuta ule na doa.