Magunia Tuliyompa Thadei

Watu wa Mwamkulu waliozaliwa juzi wanamkumbuka mdogo wangu Thadei kama karani wa mizani kwenye ghala la mpunga, mzee mkimya aliyevaa koti hata wakati wa joto. Wengine wanasema alikuwa na majivuno. Wengine wanasema alisoma mpaka akachanganyikiwa. Mimi Dafrosa ni dada yake. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kusoma saa kabla hajaingia shule. Nilimaliza darasa la nne kwa masista nikiwa wa kwanza, wavulana wote nyuma yangu, na akili yangu bado ipo. Hao wanaosema hawajui kitu. Naandika alivyokuwa.

Baba yetu alikufa Thadei akiwa bado anatambaa. Mama, Romana, alitulea kwa jembe, kwenye majaruba ya mpunga aliyorithi kwa wazee wake. Thadei alikuwa mtoto wa maswali. Mama akirudi shamba amechoka, huku mgongo unamuuma, yeye anauliza: mbona shamba la baba mdogo Josephat ni dogo na mpunga wake ni mwingi? Mama anamjibu, "Muulize Mungu, na kabla hujamuuliza nenda kachote maji."

Swali hilo halikumtoka. Alienda nalo Tabora sekondari, akapanda nalo treni mpaka chuo, kule pwani. Akasoma hisabati, akapata shahada. Tulichinja mbuzi. Halafu mwaka uliofuata akaandika kwamba anaendelea chuoni hapohapo, anasoma tena.

Mama aliniuliza, "Anasoma tena? Kwani hakufaulu?"

Nikamwambia alifaulu, hii ni shahada ya pili.

"Dafrosa, mtu aliyefaulu anapanda. Anayerudia ni yule aliyeanguka."

Hakuwa peke yake kuwaza hivyo. Mwamkulu nzima ilijua mtihani mmoja tu, ule wa darasa la nne, na ilijua aliyeushindwa anakaa tena dawati lilelile, ama anarudi nyumbani kuchunga. Wazee wakaanza kumsikitikia mama pole pole, kama mtu aliyefiwa na ng'ombe.

Thadei akaja mwaka sabini na tatu, mavuno yakiwa yameingia ndani. Alikuja na mkoba wa karatasi na barua ya ruhusa kutoka wilayani. Alikuwa amekonda lakini macho yanawaka. Mimi nilikuwa nimejifungua, sikutoka nje, kwa hiyo alikuwa anakaa mlangoni kwangu ananieleza. Alisema anataka kuuliza kila nyumba: mikono mingapi inalima, shamba liko umbali gani, maji yanakaa muda gani, na mpunga uliopatikana ni magunia mangapi. Halafu majibu ya kila nyumba atayatoboa kwa matundu kwenye kadi yake, na kadi zote atazilisha mashine inayoitwa kompyuta, kubwa kama sebule ya padri, itafute ni kitu gani hasa kinachomfanya huyu apate na yule akose.

"Uchumi ndio swali, dada," aliniambia. "Hisabati ndiyo njia. Kompyuta ni punda tu wa kubeba."

"Na ukishapata jibu?"

"Nikishapata jibu, mtu kama mama hatavunjika mgongo bure. Tutajua jembe liende wapi." Akacheka. "Na mimi nitapewa shahada, nitarudi kufundisha chuo. Lakini nyumba zikinijibu hovyo, sina kitu. Yote yako kwenye majibu."

Kumbe jioni moja kabla hajaanza kupita, baba mdogo Josephat, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, aliwaita wakubwa wa nyumba zote. Thadei alikuwa mjini Makanyagio, amefuata wino. Mimi nilikuja kuyajua baadaye, kwa mume wangu Fabiani, maana yeye alikuwepo.

Josephat aliwaambia, "Nyie wote mnamjua mtoto wa Romana. Ameanguka huko chuo, wanamrudisha darasa. Sasa wamempa mtihani wa mwisho, na mtihani wenyewe ni sisi. Anakuja kuuliza magunia. Nyie mnajua alama zinavyohesabiwa. Aliyepata nyingi anapita, aliyepata chache anaanguka. Mtoto huyu hana baba. Mtamwangusha?"

"Hatumwangushi!" wakajibu.

Mzee Manyanda, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akainua fimbo. "Balozi, mimi nina swali. Akiniuliza ng'ombe?"

"Ng'ombe hawaulizwi."

"Basi sawa. Mpunga nitampa mpaka ashindwe kuubeba."

Wakacheka, wakatawanyika. Fabiani anasema palikuwa na furaha pale kama siku ya ubatizo. Kila mtu alikuwa amepata kitu cha kumpa mtoto wa mjane, na hakikumgharimu.

Thadei akapita nyumba kwa nyumba, wiki nyingi, na jua lile. Walimkaribisha kiti, wakamchinjia kuku, wakampa magunia. Mzee aliyekuwa na kijaruba cha kuruka kwa mguu mmoja alimtajia mzigo wa lori. Msije mkasema msomi gani huyu asiyeshtuka. Alikuwa ameondoka nyumbani mtoto, amekaa mabweni miaka yote, na mwaka ule mvua ilikuwa nzuri kweli. Tena aliniambia mwenyewe, akiwa anakunja karatasi zake: "Mwenzangu chuoni anafanya kazi kama hii kwa watu asiowajua, wanamficha kila kitu. Mimi watu wangu wanidanganye ili iweje?"

Nyumba ya mama aliiacha mwisho. Mama alikuwa amejitanda kitenge chake cha kanisani, anamngoja. Nimesimuliwa na mama mwenyewe, kwa kujisifu: Thadei aliuliza na macho yake yako kwenye karatasi, hakutazama kihenge cha kuwekea mpunga, na yeye mama akataja hesabu kubwa kuliko ya mtu yeyote. Thadei akasimama akamkumbatia. "Mama, kumbe siku hizi unapata!"

Akaondoka na treni anaimba.

Aliporudi, mwaka ulikuwa umegeuka, mpunga wa msimu ule ulikwisha liwa. Sikumtambua mara moja. Alikaa kwenye kigoda jikoni kwangu, hajavua koti.

"Dada, mashine haikuona kitu," alisema. "Wenye mikono kumi na wenye mikono miwili wanapata sawa. Wa mbali na wa karibu, sawa. Shamba dogo linashinda shamba kubwa. Mwalimu wangu amechukua hesabu za mpunga ulionunuliwa wilaya nzima, akaziweka pembeni ya zangu. Mwamkulu yangu peke yake inakaribia kuimeza wilaya. Ameniuliza taratibu tu: Thadei, ulienda kweli nyumbani, au ulikaa kivulini ukajaza?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hawa ni watu wangu. Akanipa nafasi moja. Nirudi, niulize upya, nyumba zile zile, msimu ule ule. Nikileta vile vile, wananiondoa."

Ndipo Fabiani, aliyekuwa anasuka ungo pale mlangoni, akaacha kusuka, akayasema yote ya kikao cha Josephat. Thadei alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma: angetukana ningepumua.

Kesho yake akaomba kikao. Alisimama mbele yao akasema kwa Kiswahili, akarudia kwa lugha ya nyumbani, kwamba mtihani wake haupimwi kwa wingi wa magunia. Alisema, "Hata nyumba ikiniambia sifuri, kama ndiyo kweli, mimi nafaulu."

Manyanda akaangua kicheko. "Yaya, hapana, mwanangu! Nani duniani amefaulu kwa sifuri?"

Na kikao kizima kikacheka naye.

Josephat hakucheka. Alimvuta Thadei pembeni akamwambia kwa sauti ya mtu mzima, "Nimeelewa. Wamekushtaki kwamba umeongopa, sasa wamekutuma uje kututega. Tukibadilisha leo, ya jana yanakuwa uongo, na mwongo unakuwa wewe. Baba yako aliniachia wewe. Hatubadilishi."

"Baba mdogo, hapo ndipo mnaniua."

"Kaa kimya, mtoto. Hujui dunia."

Akapita tena nyumba zote. Kila mlango walimshika mkono, wakamtazama kwa huruma, wakataja magunia yale yale. Baadhi walikuwa wamesahau waliyoyataja mwanzo, wakamtuma mtoto kwa balozi akaulize. Manyanda alimwambia, "Ng'ombe ningekuficha, maana ng'ombe ni wangu. Lakini mpunga ni mtihani wako. Andika, usiogope, mimi ni shahidi wako mpaka mahakamani."

Nilimwita ndani nikamwambia ya kwetu, ya kweli. Magunia saba na kidogo, basi, na mawili yaliliwa na panya. Niliyasema bila kumwomba Fabiani ruhusa, maana kulima nililima mimi.

Thadei aliandika, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Asante, dada. Lakini nyumba moja ya kweli katikati ya zile zote, mashine itasema wewe ndiye uliyekosea."

"Basi ngoja mpunga wa mwaka huu, upime mwenyewe kwa debe."

"Mwaka huu watu wanahamishwa," alisema. Na kweli, operesheni ya vijiji ilikwisha tangazwa. Kabla ya mavuno tulikuwa tumebomoa, tunajenga kwa mstari kando ya barabara, na majaruba aliyotaka kuyajua yamebaki na nyasi na ndege.

Mama alikuwa wa mwisho tena. Safari hii nilikuwepo. Thadei alikaa chini, siyo kwenye kiti, akaegemeza mgongo kwenye kihenge chenyewe, kile alichokuwa akijificha ndani yake akiwa mdogo. Alikijua kinabeba nini.

"Mama. Mimi ni mwanao. Niambie."

Mama alimwangalia. Midomo ilicheza. Nilidhani atasema. Halafu akavuta kitenge, akakaa wima, kama anajibu mbele ya hakimu. "Ni yale yale, baba. Mimi siwezi kukugeuka."

Thadei akaandika yale yale. Mwandiko ulikaa mzuri, alikuwa na mwandiko mzuri siku zote.

Aliporudi safari ya tatu alikuja na sanduku lake lote. Barua ya kurudi ilikuwa imemtangulia, inasema tu amemaliza huko, anakuja nyumbani. Mwamkulu ikajipanga. Walimpokea stesheni kwa ngoma, wakamweka kwenye baiskeli ya Josephat kama bwana harusi. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva. Mimi nilimtazama usoni aliposhuka, nikajua wamemwondoa, nikaenda kusimama karibu naye asije akaanguka.

Josephat akanyanyua kibuyu. "Sema sasa, msomi! Tulikupasisha?"

Walimgeukia wote. Wazee, wake zao, Manyanda na fimbo yake, watu waliokuwa wametoka kubomolewa nyumba zao na hawakuwa na jambo lingine la kufurahia mwaka ule. Thadei aliwatazama mmoja mmoja.

"Mmenipasisha," alisema.

Vigelegele vikapanda. Mama akaja katikati akicheza, mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheza tangu baba afe, akamshika mwanawe mashavu mbele ya watu wote. "Si nilikwambia mimi? Ya kwangu yalikuwa mengi kuliko ya wote!"

"Ndiyo, mama," Thadei akasema. "Ya kwako ndiyo yalinivusha."

Akapokea kibuyu, akanywa, akampa mama, na mama akanywa mpaka mwisho.