Koti la Krismasi na Fundo la Ndama

Mnacheka kabla sijafungua mdomo, najua, kuna mtu hapa ameshawanong'oneza kwa nini wazee wenzangu wananiita Bwana Fundo. Haya, bora nisimulie mwenyewe, maana aibu ukiisimulia kwa mdomo wako walau unachagua pa kuanzia, na hii yangu ilinipata mbele ya lori zima la watu wa mlimani, mbele ya fundi cherehani wa Kitanga, na mbele ya wapita njia wa Kaloleni ambao mpaka leo sijui ni akina nani lakini nina hakika wao wananikumbuka.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita kubwa, wanaume waliokwenda Burma walipokuwa wameanza kurudi. Mmoja wao alikuwa Gideoni, wa rika langu, tuliyebatizwa naye siku moja, akarudi na baiskeli, viatu vinavyolia, na koti jeusi lenye vifungo vya shaba. Sasa mjue jambo moja: kabla ya vita Gideoni alikuwa amepeleka wazee nyumbani kwa akina mke wangu kuposa, wakamkatalia kwa sababu anakwenda vitani na huenda asirudi, na mimi ambaye sikwenda popote ndiye nikapewa. Kwa hiyo aliporudi mzima, na koti juu, mimi sikumwambia Mungu asante kama wengine. Jumapili akiingia kanisani, viatu vikilia kwichi kwichi, mke wangu, Mama Eliya, aligeuza kichwa kumtazama (kila mtu aligeuza kichwa, hata mchungaji, lakini mimi nilikiona chake tu).

Mwaka huo kahawa ilikuwa nzuri. Baada ya ibada moja Gideoni akasimama nje ya kanisa akatoa wazo, kwamba tukodi lori la yule Singasinga anayebeba kahawa, twende Arusha wote siku moja tununue vitu vya Krismasi, jioni turudi. Na anayetaka nguo ya kushonwa, akasema, atoe kipimo mapema, yeye atakipeleka kwa baiskeli kwa fundi wake wa Kaloleni, huko huko Arusha, ili siku ya safari iwe ni kuchukua tu na kuondoka. Watu walishangilia. Mimi nilishangilia pia, kwa meno ya mbele.

Vipimo vyetu siku zile vilikuwa kamba ya mgomba, lile gamba kavu ulilolichana likawa utepe. Kila mtu na utepe wake: unaanza kwenye ncha, fundo la kwanza ni mabega, la pili ni kifua, la tatu ni urefu wa mkono, na fundi anasoma mafundo kama karani anavyosoma barua. Basi wiki ile nyumba zote zilijaa watu wanapimana. Nyumbani kwangu hakuna aliyenipima. Mama Eliya aliniambia tu, "Wewe Baba Eliya huna haja ya kuhangaika na lori, utabaki na ng'ombe." Hivyo tu, huku anapepeta maharage, hata hakuinua macho.

Hapo roho ikaanza kuniuma. Nikaanza kuona mambo. Nikiingia ndani, anasukuma kitu chini ya kikapu. Nikitoka shambani, namkuta kwenye ua anaongea na Gideoni aliyeegemea baiskeli yake, anamwita "shemeji, shemeji", na mke wangu anacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono, kicheko ambacho mimi nilikuwa sijakisikia tangu mwaka tuliooana. Nikawauliza mnacheka nini. "Hakuna," wakasema wote wawili kwa pamoja, na nyinyi mnajua "hakuna" ya watu wawili kwa pamoja ina uzito gani.

Siku moja hayupo, nikachungulia kikapu. Chini ya maharage nikakuta utepe wa mgomba wenye mafundo matatu. Nikauzungusha kifuani kwangu (nimevuta pumzi, nimeingiza tumbo, kama mwanaume yeyote anayejipima akiwa na hasira), ukanizidi. Nikaupima mabegani, ukanizidi. Mkono, ukanizidi pia. Nikasema, aha. Huyu mwenye kipimo hiki ni mpana kuliko mimi, ana mabega ya jeshi, na katika eneo letu lote mwenye mabega ya jeshi ni mmoja. Mke wangu anauza ndizi zake sokoni ili amshonee Gideoni nguo ya Krismasi, na mimi nibaki na ng'ombe!

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilichukua kisu. Nikakata utepe kiasi cha kiganja, nikafungua mafundo yote matatu na kuyafunga upya, moja baada ya jingine, yakiwa yamesogeana vizuri, nikaurudisha chini ya maharage. Nilijiambia, na avae sasa, tuone huyo mpana atapumua wapi.

Niwaambie ukweli, wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu. Kila nikikutana na Gideoni nilimwona akilini ameng'ang'aniwa na nguo makwapani, nikatabasamu, mpaka maskini akadhani tumekuwa marafiki akaniletea tumbaku. Nikaipokea. Nikaivuta yote.

Lakini wivu hauridhiki kusikia, unataka kuona. Alfajiri ya safari, Mama Eliya amejifunga kitambaa kichwani, anabeba kikapu, nikamwambia na mimi naenda. Akasimama pale mlangoni. "Na ng'ombe?" akauliza. Nikajibu, "Ng'ombe wana Mungu." Tulipofika kwenye lori alimtazama Gideoni, Gideoni akamtazama yeye, akajikuna kisogo, kisha wote wawili wakauma midomo wasicheke. Nikapanda nikakaa katikati yao juu ya gunia, na kila lori lilipopinda nilihakikisha ninayeegemewa ni mimi.

Mji wa Arusha siku hiyo ulikuwa umependeza, ndivyo nilivyosimuliwa, maana mimi sikuuona. Watu walisimama kwenye duka la Wazungu kutazama pamba waliyoimwaga dirishani ionekane kama theluji, Mama Ruthi jirani yetu (mwanamke wa sauti, akicheka mbuzi wanakimbia) akauliza kwa nini wanaharibu pamba nzuri hivyo na watu hawana blanketi. Wenzangu wakaingia kwa Wahindi, wakanunua sukari, taa, vikombe. Mama Eliya akanunua kitambaa cha gauni lake, cha njano chenye maua mekundu, akakishika shingoni akaniuliza, "Kinanifaa?" Nikamwambia muulize anayejua nguo. Hakuelewa. Akakikunja polepole akakiweka kikapuni.

Mchana tukafika Kaloleni kwa Fundi Salimu, aliyekaa barazani na cherehani yake, vipimo vyetu vyote amevining'iniza ukutani. Akaanza kuita na kugawa: gauni la huyu, kaptula ya yule. Halafu akainua koti. Jeusi. Lina vifungo vya shaba. "La Mama Eliya hili!" akasema, na mke wangu akalipokea kwa mikono miwili, uso umemng'aa.

Nikashindwa kujizuia.

"Usilifiche!" nikapiga kelele. "Mpe mwenyewe! Gideoni, chukua koti lako, livae hapa hapa, tuone mke wangu alikupima vizuri!"

Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akateremka. Mama Eliya akanigeukia, koti limemlalia mikononi.

"Baba Eliya," akasema taratibu, "ni lako."

"Langu mimi?"

"Tulipokuwa tunapalilia, ulisema hata wewe ungekuwa na koti ungeingia kanisani kwa mlango wa mbele, usingekuwa unapitia wa pembeni. Nikasikia."

Na kweli nililisema. Nililisema mara moja, mgongo ukiniuma, jembe mkononi, nikalisahau hapo hapo. Gideoni naye akasema kwa upole, "Shemeji alitaka iwe siri mpaka asubuhi ya Krismasi. Mimi nilikuwa wa kubeba kipimo tu, ndugu yangu."

Hapo ndipo ningesema asante nikapanda lori nikanyamaza. Lakini watu walishaanza, "Avae! Avae!" na Mama Ruthi ndiye kiongozi wao, ningekataa ningesema nini? Nikaingiza mkono wa kwanza, ukaingia kwa shida. Wa pili ukagoma. Gideoni, kwa wema wake, akaja akanisaidia kwa nguvu za Burma, akavuta, mkono ukapita, na koti likanikamata. Lilinikamata kifua, likanikamata makwapa, mikono ikabaki imenyooka pembeni kama yule mtu wa majani tunayemsimamisha shambani kutisha nyani. Sikuweza kulifunga wala kulivua.

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Lakini Fundi Salimu hakucheka, alikasirika, jina lake limechezewa mbele ya wateja. "Ala! Bwana wee, mimi nashona kipimo, sishoni mtu!" Akaenda ukutani akateremsha utepe akaunyoosha juu. "Haya, kipimo hiki hapa! Kama kuna kosa, si la sindano yangu."

Mama Eliya akauchukua. Akaupitisha vidoleni kutoka ncha moja, taratibu, akafika fundo la kwanza akasimama. Akaligeuza. Akatazama la pili.

"Hili fundo si langu," akasema. "Mimi niliacha nafasi ya shati ndani. Hili ni la kufungia ndama."

Mama Ruthi akaunyakua utepe kwa haraka. "Yesu wangu! Limezungushwa mara mbili na kupitishwa chini! Kwetu nani hufunga ndama hivi?"

Kila mtu pale alikuwa ameshawahi kufungua ndama wangu aliyeingia shambani kwake akiburuta kamba, na kila mtu alishawahi kunilaani kwa sababu ya fundo lile. Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke, na nisingeweza hata kujifunika uso, kwa kuwa mikono haikukunjika. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Fundi Salimu akitikisa kichwa, na safari hii hata yule wa baiskeli alicheka. Asiyecheka alikuwa Gideoni. Alikuwa anahangaika kunitoa kwenye koti, ananiambia vuta pumzi ndugu yangu, na wema wake huo uliniumiza kuliko kicheko chote.

Mke wangu hakunigombeza. Alimwuliza fundi kama koti linaweza kuongezwa. Fundi akasema kitambaa cheusi kimekwisha, na nguo siku hizo zilikuwa za kutafutwa kama dawa. Basi Mama Eliya akainama kwenye kikapu, akatoa kile kitambaa cha njano chenye maua mekundu.

"Weka hiki mgongoni."

"Mama, si ndio gauni lako hili?" fundi akauliza.

"Weka."

Fundi akapasua koti mgongoni na makwapani, akachomeka maua, lori linapiga honi, watu wamekaa juu wanatusubiri. Kipande kilichobaki hakikutosha gauni la mtu mzima. Njiani kurudi aliyekaa katikati yangu na Gideoni safari hii ni mke wangu, ameweka kikapu magotini.

Asubuhi ya Krismasi akanishikia koti nikalivaa, na nikaingia kanisani kwa mlango wa mbele kama nilivyotamani. Kwa mbele nilikuwa bwana kamili, vifungo vya shaba vinang'aa, waliokaa karibu na madhabahu waliniinamia vichwa. Kwa nyuma nilikuwa bustani. Nyimbo za Noeli zilikuwa zinaanza vizuri na kufia katikati kila tuliposimama, maana waliokuwa nyuma yangu walishindwa kuimba. Upande wa akina mama Mama Eliya aliimba mpaka mwisho, amevaa gauni lake la zamani lenye kiraka begani, na hapo ndipo nilipolia, watu wakadhani nimeguswa na Habari Njema.

Wivu sikuuacha siku ile, nisiwadanganye, hautoki kama tope. Ila tukiwa njiani kwenda nyumbani nikakumbuka kitu. Kabla ya mambo hayo yote, siku moja tukichuma kahawa, alikuja kwa nyuma akanikumbatia kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Sisi hatukuwa watu wa kukumbatiana mchana, na nilifurahi wiki nzima, kabla sijaupata ule utepe na kuisahau. Sasa nikamwuliza, kwa aibu, "Siku ile kwenye kahawa, ulinikumbatia au ulikuwa unanipima?"

Akaninyooshea kola ya koti.

"Nilikuwa nakupima," akasema. "Halafu nikachelewa kuachia."

Tangu hapo sijagusa tena fundo ambalo sikulifunga mimi, na ndama wangu nawafunga kwa fundo jingine.