Mjukuu Wangu Anasomea Dawa

Hivi wewe, nikikuambia mjukuu wangu anasomea dawa, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani ni nini? Sema tu ukweli, mimi sichukii. Maana huku kwetu Mwamkulu, siku ya kwanza kulitamka hilo neno pale kisimani, jirani yangu alinivuta mkono pembeni, akageuka kuangalia nyuma, akaninong'oneza, "Mama, huyo mtoto akifunga chuo usinisahau. Mume wangu siku hizi harudi mapema."

Nilicheka mpaka maji yakanimwagikia mgongoni.

"Sio dawa hiyo, mayu, mama yangu!"

"Ni ipi basi? Ya mvua?"

Usimcheke. Sisi ni Wasukuma tuliokuja huku na ng'ombe wetu, na kwetu dawa yoyote ni bugota. Mzizi ni bugota, kidonge ni bugota, sindano ya ng'ombe ni bugota, na hicho cha kumrudisha mume nyumbani mapema nacho ni bugota hivyohivyo. Na mtu wa dawa ni mfumu, yaani mganga. Sasa uone balaa lililompata mwanangu, baba yake huyo binti.

Mwanangu alikuwa keshatangaza. Binti yake anakuwa daktari! Alitangaza mnadani, akatangaza kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mpaka msibani kwa watu alitangaza, mimi nimekaa hapo namkonyeza anyamaze. Na kweli binti alikuwa kafaulu kidato cha sita, masomo hayo yao ya sayansi. Tukawa tunasubiri majibu ya chuo, ambayo siku hizi yanakuja kwenye simu.

Yakaja mchana mmoja tuko uani, mimi na mama yake tunapepeta mpunga. Mwanangu alikuwa kwenye kiti, mguu kaunyoosha juu ya kinu kilicholazwa, maana alijikata na shoka kwenye muundi wakati anakata miti ya zizi. Mara binti akapiga kigelegele peke yake.

"Nimepata famasia! Ndio niliyoomba ya kwanza!"

Baba yake akauliza, "Famasia ndio daktari wa nini?"

"Sio daktari, baba. Mtaalamu wa dawa."

Nyungo zikasimama. Kuku tu ndio wanadonoa mpunga wetu na hakuna wa kuwafukuza.

"Yaani nimekusubiri miaka yote hii uende ukauze vidonge vya kichwa dukani?"

"Baba, sio kuuza tu..."

"Ngapi hiyo, miaka mingapi?"

"Minne darasani, halafu mmoja wa mazoezi hospitali."

"Mitano! Ya kuuza vidonge! Na mnadani nitasemaje? Binti yangu anasomea dawa? Watasema nimempeleka mtoto chuo kikuu akasomee uganga, wakati waganga tunao hapa hapa, hata cheti hawana na wateja wamejaa."

Mimi nikaficha mdomo kwenye khanga. Lakini yeye hakuwa anatania. Akasema hiyo nafasi iachwe, binti akae nyumbani mpaka mwakani aombe udaktari, basi, kamaliza. Na binti akatuambia nafasi haikai, isipothibitishwa kwenye simu kabla wiki haijaisha anapewa mtu mwingine.

Hakulia mbele ya baba yake. Alinifuata jikoni, akachukua karanga akaanza kubangua kwa hasira, maganda yanaruka mpaka kwenye sufuria.

"Mke mwenzangu," nikamwambia. Ndivyo tunavyoitana, maana tunamgombania babu yake, ingawa babu mwenyewe meno ya kugombaniwa hana tena. "Mke mwenzangu, hebu nifundishe mimi ambaye shule niliishia la pili. Hiyo famasia mtu akishaimaliza anakuwa nani?"

Jamani, mtoto yule alifunguka! Kwanza yule anayekaa hospitali, daktari akiandika dawa mbili zinazogombana tumboni, yeye ndiye anamwambia daktari hapana, badilisha hii. Nikamuuliza, na daktari anamsikiliza? Akasema anamsikiliza, ndiyo kazi yake. Nikapenda hapo! Halafu wapo wanaozitengeneza viwandani. Wapo wanaozipima kama ni feki, zikiwa feki duka linafungwa. Wapo wanaokaa kwenye bohari kubwa la dawa kuangalia zahanati kama yetu isiishiwe. Kuna wa dawa za mifugo. Na kuna wanaochukua magome na mizizi, hiyohiyo tunayochimba huku porini, wanatafuta ndani yake kile kinachoponya ni kipi na kinachoua ni kipi.

"Ehee," nikasema, "hao ndio wafumu."

"Bibi!"

"Natania. Na wewe umeipendea nini?"

Akaniambia shuleni alikuwa kiranja wa afya. Kazi yake kuwapelekea wagonjwa vidonge bwenini, kwa kusimamiwa na matroni. Wasichana wawili waliumwa malaria wiki moja, wakapewa dawa ileile. Mmoja akapona, mwingine akazidiwa. Kumbe yule wa pili alikuwa anameza nusu, nusu anaificha ampelekee mama yake likizo. "Dawa ilikuwa nzuri, bibi. Hakuna aliyekaa naye akamweleza."

Basi nikasema kesho nitaongea na baba yake. Lakini hata kesho haikufika.

Jioni hiyohiyo nikamkumbusha mwanangu dawa yake ya kidonda, maana ilikuwa ni mimi wa kumkumbusha, kama bado ananyonya. Kidonda chenyewe kilikuwa kinatusumbua, kinatoa majimaji, leo afadhali kesho kibaya. Akanijibu, "Nimeshameza ya mwisho, mama. Jua lilikuwa bado halijazama."

Binti akainua kichwa. "Kwani lazima jua liwepo?"

"Wewe si umesoma? Angalia bahasha. Moja, kutwa, mara tatu. Kutwa ndio nini? Si mchana kutwa? Nameza nikifungulia ng'ombe, nameza mchana, nameza wakirudi zizini. Usiku nayo inapumzika."

Na mimi nikaitikia, nikasema ndiyo, kutwa ni kutwa, na usiku ni kucha. Wewe kataa kama unaweza! Kutwa mpaka jua linapozama. Nyumba nzima tulikuwa tunameza hivyo tangu tupate akili. Babu yake naye akasema, "Dawa nayo ni kiumbe, inachoka."

Binti akaweka mkono mdomoni. Nilijua anataka kucheka, akajizuia kwa heshima.

"Baba, hiyo kutwa ya kwenye bahasha ni usiku na mchana, saa ishirini na nne. Ukigawa kwa tatu ni kila baada ya saa nane. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Sasa wewe zote tatu unazimeza ng'ombe wakiwa macho. Halafu kuanzia magharibi mpaka alfajiri wadudu wa kidonda wanabaki peke yao, wanakula wanazaana. Wao hawalali."

"Hawalali?"

"Hawalali."

Mwanangu akautazama mguu wake kama umemsaliti. "Kumbe nawafuga," akasema.

Hapo ndipo tulipocheka wote, mpaka mama wa binti aliyekuwa amenuna tangu mchana. Lakini binti hakutaka imalizike kwa kucheka. Alimwambia baba yake kwamba yeye bado hajasoma, asimwamini yeye, waende zahanati wakaulize. Asubuhi wakaenda kwa baiskeli, yeye anaendesha, baba mzima kakaa nyuma mguu unaning'inia. Wakaelezwa vilevile, kidonda kikasafishwa upya, dawa wakaongezewa. Na saa nne usiku nilikuwa namsikia binti anagonga dirisha la baba yake: "Baba, meza."

Kidonda kikaanza kukauka pembeni, pekundu pakapungua. Mwanangu alikuwa anakiangalia kila saa kama mtu anayeangalia mahindi yake yakiota. Siku moja kabla nafasi haijapotea, nikakaa mbele yake, nikajiandaa na maneno yangu yote, nimeyapanga tangu alfajiri. Sikuyasema hata moja. Alimwita binti.

"Hii ya kugawa saa ndio wanayosomea miaka mitano?"

"Hiyo ni ya siku ya kwanza, baba."

Akatikisa kichwa. Mwisho akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Inabonyezwa wapi?"

Alitaka abonyeze mwenyewe. Na lile dole gumba lake la kushikia jembe! Lilikuwa linafunika maneno mawili kwa pamoja, la kukubali na la kukataa. Binti anapiga kelele, "Baba, juu kidogo! Juu!" Mama yake kafumba macho. Nafikiri tulikaribia kuipoteza nafasi kwa dole gumba. Lakini iliingia.

Ikabaki kazi ya mnadani, atasemaje kwa watu. Binti akamfundisha neno, sema mfamasia. Mwanangu akajaribu, ulimi ukapita njia ya nyumbani, akasema, "Mfumasia." Akarudia, likatoka lilelile. Na ndivyo alivyokwenda kulisema mnadani, kifua mbele. Mpaka leo wenzake wanamwita Baba Mfumasia, naye anaitika kwa raha zake zote.

Sasa hivi binti yupo mwaka wa tatu. Akija likizo, majirani wanakuja na mifuko ya vidonge anawasomea, na yule wa kisimani naye huja, bado ana matumaini. Juzi nilimuuliza akimaliza ataenda wapi. Akasema hajui bado, wiki hii anapenda kiwanda, wiki ijayo hospitali. Nikamwambia sawa, mke mwenzangu, popote uende. Lakini mimi niliyetaka kukupigania kwa maneno mengi hivyo, hata kama hayakutumika, na mimi nitapata nini? Maana mimi tangu tuhamie huku sijawahi kuvuka Tabora.

Akaacha kusonga ugali, akanigeukia na mwiko mkononi.

"Bibi, siku ya mahafali wanatoa kadi mbili tu za kuingilia. Nakuahidi, moja ni yako, utakaa mbele kabisa. Hiyo nyingine baba na mama waigombanie wenyewe."