Vifuniko vya Madirisha ya Haisi

Mdogo wangu ndiye aliyechagua kitambaa cha vifuniko, na alichagua kile nilichokikataa: blanketi zito la zambarau lenye maua makubwa, la kuumiza macho. Nikamwambia, "Sasa hili ni gari au chumba cha bibi harusi?" Akacheka mpaka mwenye duka naye akacheka. Mimi nilitaka la kijivu, lisionyeshe vumbi la Karatu, maana mfuaji wa nyumba hii ni mimi. Wapi! Likakatwa la maua.

Haisi ilikuwa ya mume wangu. Yeye ni dereva wa watalii, na siku hizi kuna wageni wasiotaka hoteli wala hema. Wanataka gari lenye kitanda na jiko ndani, walale popote wanapofika. Basi akanunua haisi kuukuu, akang'oa viti, akatangaza kwamba anaigeuza nyumba. Mimi nikamwachia na nyumba yake. Lakini mdogo wangu aliposikia kwamba gari litalala Ngorongoro, akaanza kumfuata shemeji yake uani kila jioni akiuliza litakuwa tayari lini.

Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wengi wanaouita siko seli. Sisi ni watu wa tambarare, kule kwenye mashamba ya miwa chini ya Kilimanjaro, kwenye joto. Nilipoolewa Karatu na yeye akanifuata, mama alinigombeza kweli kweli: "Unampeleka mwenzio kwenye baridi akafe!" Na baridi ikimpata, mifupa ilimuuma mpaka anang'ata shuka. Aliishi ndani ya sweta, hata siku ambazo jirani zetu wanalalamika jua kali.

Alikuwa na kibanda cha vitenge kinachotazamana na barabara kuu. Kila asubuhi aliyaona magari ya watalii yakipanda kwenda Ngorongoro, na kila jioni aliyaona yakishuka. Yeye hakuwahi kupanda. "Watu wanatoka Ulaya wanafika," alikuwa akisema, "mimi natokea hapa nyuma ya kituo cha mafuta nashindwa." Mume wangu alimwambia mara nyingi, twende mchana, jua likiwa limeshapanda. Hakutaka. Alitaka ile asubuhi ambayo shemeji yake alikuwa akiisimulia kila akirudi safari, wingu linapotelemka ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano, na ziwa kuanza kung'aa kule chini. Alitaka aamke palepale ukingoni, aitazame, arudi dukani kwake. Hakuomba kingine.

Kwa hiyo kabla ya kuwa la mgeni yeyote, gari lile lilikuwa lake, na sote tukaingia vitani na baridi. Mume wangu alitaka madirisha yazibwe kwa lile sponji jembamba lenye karatasi ya kung'aa, kama la kukinga jua kwenye kioo cha mbele. Nikamwambia hilo ni la kuzuia joto, tena gari litang'aa kama sufuria. Akasema ukigeuza upande unaong'aa ndani, joto lenu linawarudia. Haya, akili ni nywele. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiiraqw, wenyeji wa huku, akatuambia nyumba ya bibi yake ilikuwa na udongo juu ya paa na baridi haikuingia kamwe. Mume wangu akamuuliza kama anashauri tuipake haisi udongo. Mama wa watu akanuna wiki nzima.

Mwisho tukaweka kila kitu. Kwenye bodi tulijaza vipande vya godoro, juu yake plaiwudi, na chini zulia. Kila dirisha likapata kifuniko cha tabaka tatu: karatasi ya kung'aa, sponji, na lile blanketi la maua. Nilivishona mwenyewe, sindano zikivunjika, na kuvizungushia vifungo vya kubonyeza kama vya nguo za watoto wachanga, karibu karibu, upepo usipate pa kupenya. Mdogo wangu akajifungia ndani kujaribu, akatoka paji la uso linamtiririka jasho. "Dada, humu ni kwetu kabisa!" Nilifurahi, acha tu nilifurahi.

Lakini mchagua jembe si mkulima. Tulivyobishana juu ya rangi na sponji, miezi ya joto ikapita, na tulipokuwa tayari ilikuwa kipupwe. Tungeweza kungoja. Yeye ndiye aliyesema, "Si ndiyo maana tumeshona?"

Tulipanda jioni moja. Pale magari yote yanaposimama watu waitazame kreta, ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, tukaonana sisi kwa sisi. Mume wangu akasema, "Shemeji, ya kwako ni kesho asubuhi." Tukafika mahali pa kulala, nikavibana vifuniko kifungo baada ya kifungo, na humo ndani kukawa na joto mpaka nikavua kilemba. Nje watu wa kwenye mahema walikuwa wamejikunyata. Mdogo wangu aliketi kitandani anachekelea.

Nilipommiminia chai akaikataa. Maji pia akayakataa. Choo kilikuwa mbali, na mlango ukifunguliwa joto lote linatoka. "Nikinywa nitataka kutoka," akasema, "nikitoka baridi itanipata." Nami nikaona amefikiri vizuri. Jamani! Kliniki walituambia kila tulipokwenda: maji, mama, anywe maji, asikaukiwe. Tulilisikia mara nyingi mno, na nyumbani nilikuwa namfuata na kikombe. Lakini usiku ule kichwani mwetu kulikuwa na adui mmoja tu, baridi, na huyo tulishamfungia nje. Akalala anatoka jasho, bila kunywa kitu.

Alfajiri aliamka analia. Miguu, mgongo, kifua, kote. Niliponyanyua chupa ya chai ilikuwa nzito vilevile. Nikampa dawa na maji, sasa anakunywa, sasa! Mume wangu akawasha gari tukaanza kurudi Karatu hospitali. Mimi nilikaa nyuma nimempakata miguu, vifuniko vyote bado vimebanwa.

Njiani gari likapunguza mwendo, likasimama. Dereva wa watalii hawezi kupita pale pa kutazamia kreta bila kusimama, na nadhani mguu wake ulikanyaga breki wenyewe. Nikasogeza pazia linalotutenga na dereva nimfokee. Sikufoka. Ukungu haukuwepo. Kreta yote ilikuwa wazi mbele ya kioo cha dereva.

"Tumefika pale?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa amelala uso umeelekea nyuma, hawezi kujigeuza. Nikashika kifuniko cha dirisha lake nikifungue, akaniambia, "Usifungue, dada, baridi. Nitazamie wewe." Nikatazama. Akauliza, "Kukoje?"

Nikasema, "Pazuri."

"Pazuri vipi?"

"Nyamaza upumzike. Tutarudi miezi ya joto." Akanyamaza, na mume wangu akaondoa gari.

Safari ile alipona, akarudi dukani kwake na sweta lake. Homa ya mapafu ilimchukua kabla miezi ya joto haijafika, tukamzika kwetu, kwenye tambarare. Gari linafanya kazi. Wageni wanavisifia vifuniko, wanavipiga picha, na mimi navifua wakisharudi.

Sasa ninajua jinsi ya kumjibu. Mdogo wangu, wingu lilikuwa limelala upande mmoja tu, limeegemea ukuta wa kreta. Ziwa lilikuwa jeupe pembeni na la kijivu katikati. Nyasi zilikuwa na rangi ya ngano iliyoiva, na kulikuwa na vitu vidogo vyeusi vikitembea kwa mstari, sikujua ni nyati au ni nini, ningemuuliza shemeji yako. Ninayasema haya nikiosha vyombo, nikianika, nikiwa peke yangu dukani kwake, ambako sasa nauza mimi. Hakuna tena wa kuniuliza pazuri vipi.