Chapati za Pole

Lipo kosa ambalo watu wetu hawalihesabu kuwa kosa: kumlisha mtu kwa nguvu ili sisi tuonekane wema. Nimeliona likitendwa kwa nyimbo na kwa sala, na hadi leo linanichefua kuliko ulevi.

Aliyetendewa ni kaka yangu mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alikuwa dereva wa lori la saruji, akiishi Kitengela na mkewe katika nyumba ya mawe ambayo walihamia kabla haijakamilika. Mimi nilikuwa nikifundisha mjini Kajiado. Alikwisha kuambiwa kwamba ana kisukari, lakini vidonge alivimeza siku alizovikumbuka, na chupa ya soda haikukosekana kando ya usukani. Siku moja, akikagua magurudumu huko Mashuuru, mwiba wa mgunga ulipenya sandali yake ukazama katika wayo wa mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu yoyote, maana kisukari kilikuwa kimemtia ganzi miguuni, na hilo pekee lingetosha kututia hofu. Aliendelea kukanyaga klachi kwa mguu huo kwa siku nyingi, na aliyekigundua kidonda hakuwa yeye bali mkewe, kwa pua.

Sitaipamba harufu ile. Ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa juani ndani ya mfuko wa plastiki, nayo ilitoka kwa mtu mzima aliyekuwa ameketi akisoma gazeti.

Alilazwa Kajiado. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alituita mimi na shemeji kando ya kitanda. "Dawa nitampa, na kidonda tutakiosha," alisema. "Lakini sukari isiposhuka, huu mguu hautapona. Usipopona, tutaukata."

Kisha akaeleza chakula. Ugali, wali, chapati, mkate na viazi hugeuka sukari mwilini hata kama mdomoni havina utamu. Sahani yake ijae sukuma wiki, kabichi au managu, pamoja na mayai, samaki au nyama, na nusu ya parachichi akipenda. Ugali, akishindwa kabisa kuuacha, uwe wa kuonja tu. Soda na asali asiziguse.

"Sasa mwanaume atashiba na nini?" kaka aliuliza.

"Atashiba akijua ako na miguu miwili," daktari akamjibu, akaenda kitanda cha pili.

Dereva wa lori asiye na mguu wa kushoto si dereva tena. Hilo kaka alilielewa vizuri, na kwa wiki chache za kwanza nyumbani alikula alichopikiwa, ingawa kwa kununa. Shemeji alimpikia kwa uaminifu, akisaidiwa na mama yake mzazi aliyekuja kutoka Ukambani. Mama huyo hakuonekana sebuleni hata mara moja. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kuepukana: hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawapeani mkono. Kwa hiyo aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, na mahali pake palikuwa jikoni na yadi ya kuku.

Ndipo Jumapili moja, ambapo nami nilikuwa nimekuja kumwona mgonjwa, ushirika wao wa kanisa ulipofika kumpa pole. Walikuja na mikate, pakiti za sukari, kreti ya soda, na kopo la asali kutoka Loitokitok. Kina mama waliliteka jiko, kama ilivyo desturi wanapomtembelea mwenye mgonjwa, wakaanza kukanda unga.

"Lakini hali chapati siku hizi," shemeji aliwaambia. "Daktari alikataza."

"Chapati ni sukari? Si ni unga tu!" mmoja akamjibu. "Na tumeleta ile ya brown. Wewe pumzika, mama."

"Ama unataka afe njaa ubaki na lori?" mwingine akadakia, na wote wakacheka.

Chapati zilifika mezani zimepangwa kama vifuniko vya sufuria, mafuta yakichuruzika pembeni ya sahani. Mwenyekiti wa ushirika, mwanamume mnene mwenye kicheko cha kupasua masikio, alimgeukia kaka. "Ndugu, nasikia unalishwa majani. Umekuwa mbuzi wa nani?"

Nikasema daktari alitoa amri, na nikaeleza kwa nini. "Mwalimu, hapa si darasani," akanijibu. "Sukari ni ya kiwanda. Asali ni ya Mungu."

Akaikunja chapati, akaichovya katika kopo la asali, akamwekea kaka mdomoni kama anayemlisha bi harusi keki. Wakapiga makofi. Kaka alitafuna akiwa amefumba macho, asali ikimtiririka kidevuni, na chini ya meza nzi walikuwa wametua juu ya bendeji yake. Hakuna aliyewaangalia nzi wale. Mwenyekiti alilamba vidole vyake kimoja baada ya kingine, akachukua chapati ya pili. Kaka hakuwa na njaa. Aliogopa kuitwa mume anayetawaliwa na mkewe. Walilijua hilo, na ndilo walilomshikia. Akapokea sahani nzima, akaiweka mapajani.

Pazia la jikoni likafunguka. Mama mkwe akaingia, kichwa kimefunikwa kwa leso, uso ameugeuzia ukutani. Kaka akainamisha kichwa, tonge likiwa bado mkononi. Mama yule alinyoosha mkono pembeni, bila kumtazama, akaiondoa sahani mapajani mwake. Kisha akazungumza na ukuta.

"Huyu mtu nilimpa binti yangu akiwa na miguu miwili. Mmoja ukikatwa, ni nani kati yenu atakuwa anambeba kwenda choo? Aseme sasa, nimwoneshe pa kulala."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, na tukasikia kuku wakigombania chapati. Wageni waliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuwasikia, wakaondoka. Wiki hiyo walitangaza kila mahali kwamba mama yule hana adabu, na kwamba kumkaribia mkwe namna ile ni kumlaani.

Kaka hakulizungumzia jambo lile. Aliona haya kupita kiasi, na haya ile ilimfunga mdomo kuliko amri ya daktari. Mgeni alipofungua mkate, kikohozi kilisikika jikoni, na mkate ukafungwa tena. Kaka alikula mboga zake. Sukari ilishuka, kidonda kikajaa nyama safi taratibu. Kidole kidogo kilikatwa. Mguu ulibaki, na akarudi kwenye lori.

Jumapili aliyorudi kanisani, mwenyekiti alisimama kutoa ushuhuda. Alisema ushirika ulimtembelea ndugu yao, ukamlisha, ukamwombea, naye akapona. Watu wakashangilia.

Kaka akainuka polepole kutoka benchi la nyuma, akangoja makofi yaishe.

"Mlinilisha, ni kweli," alisema. "Lakini aliyenisaidia ni mama mkwe."