Hospitali Ilikuwa Karibu, Mimi Nilikuwa Karibu Zaidi

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukanihurumia mapema halafu ukajuta. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenidanganya, na mpaka leo hakuna anayenilaumu. Hilo la mwisho ndilo linalonitafuna.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari hapa Bujumbura, nimebakiza mwaka huu mmoja kati ya saba. Kwetu ni Kamenge. Baba ni makanika, na mtaa mzima unamjua kwa sababu nusu ya magari mabovu ya Kamenge yamelala mbele ya nyumba yetu.

Nilipomaliza sekondari nilipata nafasi katika shule mbili za udaktari. Moja ilikuwa mbali, milimani, mahali pa baridi na ukungu ambapo simjui mtu. Nyingine ilikuwa hapa hapa, dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwetu, na hospitali kubwa iko mbele yake kidogo. Majina siyataji. Shule hazina kosa katika habari hii.

Baba alitaka niende milimani. Nilishangaa, maana huko kulikuwa na chumba cha kupanga na chakula cha kununua, na yeye si tajiri. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa amelala chini ya gari, akanijibu bila kutoka.

"Mi ufundi nilijifunza Uvira," alisema. "Ningejifunza hapa Kamenge, watu wangenipa moteri zao mbele sijajua kufunga hata bulon ya gurudumu. Mutu akikuona na mafuta kwa mikono, anazani ushakuwa fundi."

Nikamwambia udaktari si gereji.

"Njo maana nakuambia," akasema. "Moteri ikiharibika, tunatafuta ingine."

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nikaenda kuwaambia rafiki zangu kwamba mzee anafananisha watu na magari.

Kwa watu nilitoa sababu nzuri: nitakula nyumbani, nitamsaidia mama, sitapoteza muda njiani. Zote zilikuwa za kweli. Lakini sababu yenyewe hasa nilikuwa naijua peke yangu. Nilitaka kuonekana. Nikienda milimani, nani angeniona nimevaa koti jeupe? Ng'ombe?

Hilo koti sisi tunaliita bluzi. Tulipewa wiki ya kwanza, tukaambiwa ni la maabara, tuliache huko huko au tulibebe kwenye mfuko. Mimi nilivaa bluzi yangu kutoka shule mpaka nyumbani, vifungo vimefungwa, kalamu mbili mfukoni. Dakika kumi zile nilizifanya ishirini.

Mwezi haukuisha, nikaitwa Dogiteri. Mzee mshonaji aliniita nyuma ya duka lake anionyeshe uvimbe ambao hata mkewe hajauona. Akina mama walinisimamisha njiani wakafungua vinywa vya watoto wao. Wenzangu waliokwenda milimani walinipigia simu wakilalamika kwamba wauguzi wanawaita petit, yaani mdogo, na kuwatuma maji. Mimi nilikuwa nikiitwa Dogiteri na watu wazima, na nilikuwa sijagusa mgonjwa hata mmoja wodini!

Sikuwahi kumwambia mtu "sijui". Neno fupi vile, likanishinda.

Sasa nimtaje marehemu. Nitamwita Mama Zaituni, si jina lake. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mjane, anakaanga mandazi kwenye kibaraza chake tangu sijazaliwa. Kila asubuhi nikipita kwenda shule alinifungia mandazi mawili kwenye karatasi. Alisema ni ya ubongo. Nikijaribu kukataa ananiuliza kama nimeanza kujiona.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Nilikuwa mwaka wa pili aliponiambia kwamba kuna kitu kinambana hapa, chini ya kifua, juu ya tumbo, hasa akibeba ndoo ya maji. Akitua ndoo, kinapungua. Wiki ile ile tulikuwa tumesomeshwa tumbo. Kichwa changu chote kilikuwa tumbo! Nikamwambia ni asidi, ni yale mafuta anayoyanusa mchana kutwa, na nikamwandikia kwenye karatasi jina la vidonge vya kununua farmasi. Nilitia na saini chini. Saini!

Akavitumia, akasema amepata nafuu. Mtaa mzima ukaambiwa.

Baada ya kama wiki tatu, siku ya Alhamisi, nilikuwa natoka shule saa nne asubuhi kwa sababu mwalimu hakufika. Karibu na fundi viatu, pale njia inapokata kwenda hospitali, nikamwona Mama Zaituni anakuja na binti yake Zaituni. Mama alikuwa ameshika mkono wa binti. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa jasho usoni, na jua lilikuwa bado halijawa kali.

Zaituni akanieleza kwamba mama kaamka vibaya, kile kitu kimembana tena, safari hii bila ndoo, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Wanakwenda hospitali.

Kutoka pale tulipokuwa tumesimama, lango la hospitali lilikuwa linaonekana. Nataka ulielewe hilo vizuri. Tulikuwa tunaliona.

Na mimi nilifanya nini? Niliona aibu. Nilifikiri: wakifika kule, daktari mwenyewe atauliza nani kakupa vidonge hivi, na karatasi yenye saini yangu iko kwenye mkoba wake. Hapo hapo nikajipa moyo kwamba ni tumbo tu. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo kwa saa yangu mbele ya fundi viatu na wateja wake, nikatikisa kichwa kama nilivyoona wakubwa wanavyofanya.

Nikamwambia mama, hospitali mtakaa kwenye benchi mpaka jioni kwa ajili ya asidi. Nendeni nyumbani, alale, anywe maziwa, aongeze kidonge kimoja. Jioni nitapita kumtazama.

Mama Zaituni alitazama lango. Nakumbuka alilitazama. Kisha akamtazama bintiye, na bintiye akasema maneno ambayo wakati ule sikuyatilia maanani: "Dogiteri amesema, mama. Turudi."

Mama akanigeukia.

"Asante, baba," akaniambia. "Bora mi niko na wangu karibu."

Wakarudi. Nami nikawafuata nyuma kwa bluzi yangu, nikiitikia salamu.

Jioni nilipita. Alikuwa amekaa, anaongea, amechoka tu. Nikajipongeza. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, nikasikia kilio kutoka nyumba ya tatu. Alikuwa ameinuka kwenda kutawadha, akaanguka. Tulimzika siku ile ile. Inna lillahi.

Utasema nilijua pale pale. La, na hapo ndipo aibu yangu ilipo kubwa zaidi. Nilisema ni kadari. Nilisema ni sukari. Nililia kama jirani yeyote, na kwenye hitima ya arobaini, watu wamejaa uani, Zaituni alisimama akamshukuru imamu, akawashukuru majirani, kisha akanitaja mimi. Alisema mama yake hakufa kama yatima, alikuwa na daktari wake mlango wa tatu, aliyemtazama mpaka jioni ya mwisho. Watu wakaniombea dua. Nikainamisha kichwa, nami nilikuwa nimefurahi!

Baba hakusema amina. Alikuwa ananitazama tu.

Miaka miwili ilipita. Mwaka wa nne, somo la moyo, mwalimu wetu akasimama akatuambia tuandike. Moyo unaokosa damu, akasema, hauji siku zote na maumivu ya kifua. Kwa wanawake, na hasa wenye sukari, unaweza kuja kama tumbo. Unabana ukibeba kitu, unaachia ukipumzika. Siku ukibana bila kazi, na jasho, na mkono mzito, kila dakika ina thamani. Mpeleke hospitali. Usimwambie arudi nyumbani.

Naapa alisema hivyo hivyo: usimwambie arudi nyumbani. Wenzangu waliandika. Kalamu yangu ilisimama. Nilimwona Mama Zaituni amesimama kati ya ubao na mlango, kitambaa kimelowa, anatazama lango.

Hajaondoka. Sisemi mizimu, mimi ni mtu wa dini na wa sayansi. Nasema hajaondoka. Nikipima mapigo ya mgonjwa yeyote, vidole vyangu vinakumbuka mkono wake. Nikisikia "asante" wodini, nageukia kitanda kingine. Wagonjwa hawajui kwa nini huwa siwaitikii.

Na hapo ule ukaribu niliouchagua ukanigeuka. Ningekuwa milimani, ningeweza walau kusahau njia. Lakini njia ya shule yangu inapita mlangoni kwake, kisha inapita pale kwa fundi viatu, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Nilijaribu kuzunguka kwa nyuma kwenye matope. Nikahamia Kanyosha kwa dada yangu aliyeolewa huko, upande wa pili kabisa wa mji. Hebu cheka, maana hata mimi ningecheka: niliyekataa kwenda mbali nikawa navuka mji mzima kwenda shule iliyo dakika kumi kutoka kwetu.

Haikusaidia. Zaituni ndiye anayekaanga sasa, kibaraza kile kile. Alimpa baba mandazi mawili kila Jumapili aniletee Kanyosha. Alisema mama aliacha wasia wa mdomo: ya Dogiteri yasikatike. Baba aliyaleta, akaniwekea mezani. Niliyala. Nifanye nini? Kuyatupa niliogopa zaidi.

Mwaka huu nimerudi nyumbani. Zamu za hospitali ni nyingi, Kanyosha haiwezekani tena. Naondoka na mandazi yangu mawili mkononi kila asubuhi.

Kilichonifanya niandike ni Jumamosi iliyopita. Zaituni alikuja uani kwetu na binti yake mkubwa. Nitamwita Rehema. Huyu mtoto amefaulu mtihani wake vizuri mno, na amepata nafasi mbili za udaktari: moja hapa Kamenge, moja milimani. Zile zile zangu! Jumatatu inayokuja wanatakiwa kurudisha karatasi. Rehema mwenyewe anataka milimani, alisema hivyo kwa sauti ndogo. Mama yake hataki.

"We ulisomea hapa," Zaituni akaniambia, "njo maana mama alikuwa na mutu. Mi nataka wangu naye awe karibu."

Nikamwambia apeleke mtoto mbali. Akauliza kwa nini. Nikaanza habari ya baba na moteri na bulon, nikasikia mwenyewe jinsi ninavyozunguka. Zaituni akatabasamu. Kisha uso wake ukabadilika, akasogea, akaniambia kitu ambacho anasema hajamwambia mtu mwingine.

"Dogiteri, siku ile pa njia. Mama alitaka kufika. Ni mi nilisema turudi, sababu nilikuwa nimeacha unga umeumuka. Nilifurahi uliposema ni asidi. Kila siku najiambia: ni mi nimemuua mama."

Miaka mitano! Miaka mitano mwanamke huyu anakaanga mandazi mahali pa mama yake, akijiita muuaji moyoni, na hata hivyo ananikabidhi mimi karatasi yenye mandazi mawili na kunitakia siku njema. Nilidhani nimebeba mzigo wangu peke yangu. Kumbe mzigo wenyewe kaubeba mtu mwingine, kwa sababu nilinyamaza.

Ilikuwa ndiyo nafasi. Baba alikuwa mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa, anangoja niseme.

Nikamwambia Zaituni asijilaumu, ni kadari.

Ni kadari! Nikamrudisha tena njiani, kama nilivyomrudisha mama yake. Walipoondoka, baba aliingia ndani, hajanisemesha mpaka sasa.

Basi nyinyi mnaochagua shule ya udaktari, na wazazi mnaowachagulia, sisemi karibu ni kubaya. Wapo waliosomea mlangoni kwao wakawa watu. Lakini msiulize tu chumba kiko wapi na nani atapika. Jiulize unakwenda kusoma au kuonekana. Jiulize kama, mtaani kwenu, utaweza kumwambia mama wa mandazi, mbele ya watu, "Mama, mi bado sijui, twende hospitali, nakusindikiza." Kama huwezi, nenda mbali. Nenda mahali ambapo hakuna atakayekuamini mpaka ustahili.

Na wewe Rehema, najua unasoma kila kitu kwenye simu yako. Majina nimebadilisha, lakini utajijua kwa mandazi mawili. Kabla ya Jumatatu, kaa na mama yako kibarazani, umsomee haya yote kwa sauti, usiruke mstari. Msomee mara mbili pale penye lango. Bibi yako alikuwa anakwenda hospitali, na mama yako alikuwa amemshika mkono anampeleka. Aliyewarudisha ni mimi.

Halafu karatasi yako, andika milimani. Nami Jumatatu asubuhi nitapita kibarazani kama kawaida, bila bluzi, nisimame hapo mpaka mama yako aamue kama bado kuna mandazi ya kwangu.