Maji ya Kumwoshea Mama

Juzi nilikuwa Wesha kwenye maziko ya bibi mmoja. Wanaume tumekaa barazani, wanawake wako ndani wanajitayarisha kumwosha, mara akaja binti wa marehemu, yule aliyebatizwa misheni huko Unguja na hajarudi nyuma tangu hapo. Akavua viatu, akasimama mlangoni.

"Bi, niachieni nimwoshe mama."

Mwosha maiti, bibi wa makamo, akamshika mkono. "Mwanangu, toa shahada tu, uingie. Ya kesho Mungu anayajua."

Binti akatikisa kichwa. "Nikiitoa kwa uongo, Bi, mama ataoshwa na mwongo."

Mlango ukafungwa taratibu. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kisimani, akawa anateka maji, anaiweka ndoo kizingitini, anarudi kuteka tena. Kila ndoo iliingizwa ndani. Yeye hakuingizwa.

Jirani yangu pale barazani akaninong'oneza, "Moyo wa jiwe huyu! Si angesema tu? Nani angejua?"

Jeneza lilipotolewa tukajipanga safu, na aliyesimama mbele kutusalisha ni huyo huyo jirani yangu.